Fundi wa Goma

Sauti ilipotoka kwenye bafle, zile spika mbili za mbao, Maman Françoise aliweka mkono mmoja kifuani, na kwa mkono wa pili akatafuta mahali pa kukaa. Alikuwa mjane wa kuheshimiwa pale Nguba, mtaa wa wenye nafasi Bukavu, directrice, yaani mwalimu mkuu, wa shule kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Hata kwenye mazishi ya mumewe watu walimwona akisimamia wapishi bila kudondosha chozi. Lakini Jumapili ile, mbele ya ndugu waliotoka misa pamoja naye, alilia kama mtoto.

"Ni yeye," alisema. "Bisimwa wangu. Ilikuwa inaimba vile vile mbele ya kufa. Mungu wangu, ni vile vile!"

Kilichoimba kilikuwa ampli ya marehemu, mashine ya kukuza sauti: sanduku zito la chuma lenye lampe za kioo mgongoni, zile zinazowaka polepole zikawa na rangi ya kaa la moto. Vijana wengi wa Bukavu hawajapata kuiona ampli ya namna hiyo. Papa Bisimwa aliinunua ujanani, na kila Jumapili aliweka santuri, plaque ya rumba, akamshika mkewe kiuno, wakacheza hapo hapo kati ya viti vya sebule. Ampli ilikufa kabla yake. Naye alipofariki, walilifunika lile sanduku kwa kitambaa cha kufuma, wakaweka picha yake juu.

Cibalonza alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, sinia ya sucré, zile chupa za soda, mikononi. Yeye ndiye aliyeifufua ile ampli. Ilikuwa siku yake ya kwanza kuingia katika nyumba ile kama mchumba wa Mugisho, mwana wa pekee wa Maman Françoise, na walikuwa wamekubaliana hivi: muziki utaanza, maman atafurahi, ndipo Mugisho atasema ni mikono ya nani iliyofanya kazi. Cibalonza aliisubiri dakika hiyo kama bibi arusi anavyosubiri kengele.

Tante Valérie, mdogo wake Maman Françoise, ndiye aliyeuliza.

"Mugisho, nani alitengeneza hii kitu? Hapa Bukavu kuko mutu angali anajua mambo ya lampe?"

Mugisho alimtazama Cibalonza. Macho yao yalikutana juu ya vichwa vya watu, na Cibalonza akatabasamu, akanyoosha mgongo. Kisha Mugisho akayaondoa macho yake.

"Ni fundi moja wa Goma, tante," akasema. "Muzee moja. Nilimutumia na bateau, kwa ziwa."

Sinia iliyumba. Chupa ziligongana. Mtu alisema "pole, ma fille", na Cibalonza akaitikia kwa kichwa bila kujua anaitikia nini. Alidhani amesikia vibaya. Lakini Maman Françoise, huku akijifuta macho, alirudia maneno yale yale.

"Goma! Kumbe kule bangali na bafundi ba kweli. Hapa kwetu banajua kuharibu tu."

Mugisho aliinama, akajifanya anarekebisha waya wa bafle ambao haukuwa na kasoro yoyote.

Hapo ndipo mambo ya mchana ule, ambayo Cibalonza alikuwa ameyaacha yapite, yalipomrudia yote. Walipofika mlangoni, Maman Françoise alimshika mkono kumkaribisha, akaona kovu jekundu karibu na kidole gumba. "Ulijichoma na nini?" aliuliza. Kabla Cibalonza hajafungua mdomo, Mugisho alidakia: "Ni fer, maman." Na kweli ilikuwa fer, ile ya kuungia nyaya. Lakini maman alielewa fer ya kupiga pasi, akatikisa kichwa, akasema wasichana wa sasa hata kunyoosha shati ni vita. Watu walicheka. Cibalonza naye alicheka, akadhani ni mzaha ambao Mugisho angeufafanua baadaye. Kisha mezani, wakila bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, Tante Valérie alimwuliza kama patron wake huko ofisini ni mtu mzuri. "Mugisho alituambia unafanyaka ku bureau ya mambo ya réseau ya simu," alisema. Cibalonza alimgeukia Mugisho. Mugisho akamwongezea sambaza kwenye sahani.

Sasa alielewa. Hakuna aliyesikia vibaya. Mwanamume huyu alikuwa amemficha tangu mwanzo, neno kwa neno, kama familia inavyoficha ndugu aliyefungwa.

Na jinsi alivyokuwa amempenda!

Walikutana wakati wa mvua, huko Nyamugo, upande wa Kadutu, ambako Tonton Télesphore, kaka wa marehemu mama yake Cibalonza, alikuwa na atelier, karakana yake ya miaka mingi. Mugisho, akitoka ofisini kwake, alikimbilia chini ya bati kujikinga. Ndani, Cibalonza alikuwa amefunga dirisha ili azione vizuri lampe za ampli moja ya kwaya zikianza kuwaka. Mugisho aliingiza kichwa, maji yakimtiririka shingoni, akasimama pale pale.

"Ni kama umewasha moto mudogo ndani ya chupa," alisema.

Mvua ilikatika naye hakuondoka. Alirudi kesho yake, na siku nyingine, daima na sababu mpya: mara redio, mara waya, mwishowe bila sababu. Aliona kwamba Cibalonza, akigusa ndani ya ampli yenye courant, huweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Ndiyo sheria aliyofundishwa na tonton wake: mkono mmoja tu unafanya kazi, kwa maana umeme ukiingia mkono huu na kutokea mkono ule, njia yake inapita moyoni.

"Basi nipe ule mukono hauna kazi," Mugisho alisema siku moja.

"Ukinishika sasa, tutakufa sisi bote wawili."

"Basi nitangoja uzime."

Alizima. Akasubiri hadi umeme uliobaki ndani ulipokwisha, akahakikisha, kisha akageuka. Mugisho aliuchukua ule mkono wa kushoto, akaubusu katikati ya kiganja. Tangu siku ile Cibalonza hakuweza tena kuweka mkono nyuma ya mgongo bila kujisikia amekumbatiwa.

Alipomletea ampli ya baba yake, Mugisho alisema: "Ukiiponyesha hii, mama atakupenda mbele ya kujua jina lako." Na yeye aliamini. Transfo, ile transfoma ya ndani, ilikuwa imeungua. Aliufungua uzi wake wa shaba mwembamba kama unywele, akausuka upya kwa mkono. Lampe moja ilikuwa imepasuka. Alipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Walungu, kwa katekista mzee aliyekuwa na redio ya misheni iliyokufa zamani, ambayo ndani yake mlikuwa na lampe ya namna ile ile. Njia nzima ya kurudi aliibeba kifuani, ndani ya soksi ya sufu, kama anabeba kifaranga. Na ile alama ya mkononi aliipata siku ya mwisho, alipounga waya wa mwisho, kwa haraka ya furaha.

Fundi wa Goma!

Maman Françoise alikuwa ameinuka, akaenda chumbani. Alirudi na pagne mpya, kitenge cha maua ya buluu kingali kimekunjwa.

"Huyo fundi iko na bibi?" alimwuliza mwanawe.

"Iko... iko naye, maman."

"Basi utatumia bibi yake hii pagne. Umuambie ni mujane wa Bisimwa anamushukuru. Mwanamuke mwenye bwana yake iko na mikono ya namna hii, naye anastahili kitu."

Cibalonza aliweka sinia mezani. Aliiweka polepole, asije akaivunja. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya upole, na Mugisho, aliyemfahamu, alibadilika uso.

"Mugisho, ule fundi anaitwa nani?"

"Anaitwa..." Mugisho alikohoa. "Jean-de-Dieu."

"Jean-de-Dieu nani?"

"Jean-de-Dieu tu. Batu bote banamuitaka vile."

"Na alikuambia nini ilikuwa imekufa ndani?"

"Ciba, hayo ni mambo ya..."

"Ninauliza tu. Maman anataka kushukuru mutu. Ni muzuri ajue anashukuru nani."

Rumba iliendelea. Maman Françoise aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa jicho lile la mwalimu anayeona daftari mbili zenye kosa lile lile. Cibalonza alikuwa amemfungulia Mugisho mlango wa kusema kweli, akausukuma ukawa wazi kabisa. Kilichobaki ni kupita. Aliyaona macho yake yakimsihi: *si hapa, si leo*. Na ombi lile lilimkasirisha kuliko uongo wenyewe.

"Maman, unisamehe," alisema, akachukua mkoba wake. "Tonton wangu ananingojea. Chakula ilikuwa tamu. Mubaki na amani."

Alitoka akiwa ameinua kichwa. Alifika kwenye mteremko, mahali ambapo ziwa linaonekana chini kati ya kuta za nyumba, ndipo aliposikia viatu vikikimbia nyuma yake.

"Ciba! Simama basi. Ciba!"

Alisimama. Mugisho alikuwa anahema, na mkononi, Mungu wangu, alikuwa na ile pagne.

"Kamata," alisema. "Ni yako. Kwa kweli ni yako, hata maman mwenyewe alitaka. Nani atajua?"

Cibalonza aliitazama pagne, akamtazama yeye.

"Hii ni ya bibi ya fundi," alisema. "Miye ni bibi ya fundi? Mugisho, niangalie. Miye ni bibi ya fundi?"

"Nilikuwa nataka tu..."

"Miye njo fundi! Fundi ni miye! Hii mikono hapa!" Alimnyooshea yote miwili, na mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ya maji alipunguza mwendo ili asikie vizuri. "Niliona mama yako analia. Nilisema ndani ya roho: ile machozi ni yangu, niliifanyia kazi. Na weye ukaichukua, ukamupa muzee wa Goma mwenye haiko!"

"Sema polepole, batu banasikia."

"Basikie! Weye uko na haya batu basikie nini? Niliiba? Niliua? Nasoudaka waya, naziungaka na fer, Mugisho. Njo kazi yangu. Nilisoma électricité kwa diplôme, nikapata nafasi ku bureau, nikakataa, ju napenda hii. Ulijua toka siku ya kwanza. Ulikuwa unakaa pale ku atelier unasema ni kama moto ndani ya chupa. Kumbe moto ni muzuri ukiwa Nyamugo tu. Nguba hauwezi kufika."

Mugisho alijifuta uso kwa mkono. Alikuwa mwanamume mpole, na upole wake ndio uliomvuta Cibalonza. Hakuwahi kuuona ukigeuka kuwa woga.

"Haujui mama yangu," alisema. "Mbele yako kulikuwa musichana mwingine, mushonaji. Maman alisema hataki. Aliniambia kama bibi yangu hashike chaki ao kalamu, hataingia kwake. Nikaona, kama nasema weye ni fundi wa ma-ampli, Kadutu kule, utafukuzwa mbele ya kukaa. Nikasema bureau. Kiisha ile bureau ikanifunga. Leo nilitaka kusema, nakuapia. Tante akauliza, nikaona bote bananiangalia... ulimi ukakwenda yenyewe."

"Ulimi haina miguu."

"Tukishaoana nilikuwa nitasema."

"Tukishaoana!" Cibalonza alicheka, kicheko kikavu. "Na mutoto akiuliza mama anafanyaka kazi gani, tutamuambia aende Goma? Nikijichoma tena, itakuwa pasi? Nitakuwa nafichwa mu nyumba yangu mwenyewe, Mugisho, mupaka nizeeke?"

"Ninakupenda, Ciba."

Maneno yale yalimpita kama maji juu ya jiwe. Na bado alimtazama. Aliutazama mdomo wake, shati lile jeupe walilolichagua wao wawili sokoni, tone la jasho lililokuwa likishuka kwenye shavu. Alitaka kulifuta. Alijichukia kwa kutaka kulifuta.

"Najua," alisema. "Unanipenda kwa siri. Miye sikuomba siri."

Akasimamisha moto ya kwanza iliyopita, akapanda, akaondoka bila kugeuka. Mugisho alibaki kwenye mteremko na pagne ya watu wasiokuwapo.

Wiki iliyofuata Cibalonza alifanya kazi kama aliyetumwa kuwakomesha watu. Aling'oa condensateurs zilizokauka, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, kama anang'oa meno. Aliwaambia wateja ukweli mtupu juu ya vyombo vyao, na wawili walinuna. Simu ya Mugisho ilipoita aliigeuza kifudifudi. Alisoma ujumbe wake, kwa kuwa moyo hauna adabu, lakini hakujibu. Nje ya saa za kazi, pale mikono ilipokuwa mitupu, hasira ilichoka na kumwacha peke yake na kitu kingine kibaya zaidi: hamu ya kuisikia ile sauti ikisema "nitangoja uzime".

Tonton Télesphore, mwanamume wa maneno machache aliyeziba sikio moja kwa pamba kwa sababu ya baridi, alivumilia hadi Alhamisi.

"Alikuja hapa jana, ulipokuwa sokoni," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. "Nilimufukuza."

"Tonton!"

"Nilimuambia miye sipeleke mutoto wangu mu nyumba yenye itamufunika na kitambaa, baweke picha juu. Kama anakutaka, akutake mbele ya batu. Akalia kidogo. Nikamupa kiti, kiisha nikamufukuza tena."

Cibalonza aligeukia ukutani ili mjomba wake asimwone uso.

Jumamosi asubuhi taxi ilisimama mbele ya atelier, ikatoka miguu miwili yenye viatu vya ngozi, kisha Maman Françoise mzima, amevaa kama anakwenda kusimamia mtihani wa taifa. Alikanyaga matope ya Nyamugo bila kuyatazama. Tonton Télesphore alisimama, akafuta kiti kwa mkono wa koti lake.

"Karibu, maman."

"Aksanti, papa. Sikuje kukaa." Macho yake yalizunguka chumba: lampe zilizopangwa kwenye sanduku la mayai, transfo zilizofunguliwa matumbo, fer ikifuka moshi mwembamba kwenye kishikio chake. Yakatua kwa Cibalonza, aliyekuwa na bisibisi mkononi na majivu ya risasi ya kuungia nyaya kwenye aproni. "Weye njo Jean-de-Dieu?"

Cibalonza alimeza mate. "Ndiyo, maman. Ni miye."

"Basi unisikilize." Na sauti yake, iliyokuwa imezoea kufika hadi dawati la nyuma, ilikijaza kile chumba. "Juzi nilifunga mukoba wangu. Nilipika samaki, nikaweka ndani ya kitunga. Nilikuwa napanda bateau, miye na magoti yangu haya, niende Goma kushukuru muzee mwenye haiko! Mugisho aliona ninatoka na kitunga, njo akaanguka pale ku mulango akasema yote. Yote! Bureau, fer, Goma. Nilikaa chini ku udongo na samaki yangu. Mu maisha yangu nilifundisha batoto elfu, hakuna hata moja alinidanganya namna hii, na ni ule nilizaa!"

"Pole, maman."

"Weye pia unyamaze, ju na weye uko na kesi. Ulisimama na sinia yangu. Uliniangalia ninalia. Ulijua, ukanyamaza. Ju ya nini?"

Cibalonza aliweka bisibisi mezani. Alikuwa ameogopa swali hili, lakini jibu lake lilikuja lenyewe, likiwa na moto.

"Ju haikuwa yangu kusema, maman. Ilikuwa ya Mugisho. Kama ningesema miye, mbele ya ndugu, ingekuwa mashtaka. Nilifanya ile kazi ikuwe furaha yako, haikuwa ya kushindana na mutu mu nyumba yako. Nilimupa nafasi aseme. Uliona. Nilimupa nafasi, akaiacha chini." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Na miye pia nilifikiri nitakuwa mukwe mwenye atapendwa. Nilienda kwenu na furaha. Nikatoka kama mwizi."

Maman Françoise aliusogelea ubao wa kazi, akakiokota kipande cha uzi wa shaba, akakitazama kwa mbali kidogo, kama watu wasiovaa miwani yao wanavyofanya.

"Sikupenda mutoto wangu aoe fundi," alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Sitakudanganya, uongo ilishaenea. Nilisema chaki ao kalamu. Hata leo sijui kama roho yangu imekubali, nitaiuliza. Lakini Bisimwa alikufa anangoja hii kitu iimbe. Alipeleka kwa batu ngapi! Bote balisema tupa. Na weye haukutupa." Alikiweka kile kipande mahali alipokitoa. "Mutu mwenye alifanya vile, asifichwe nyuma ya jina la mwingine. Si kwangu. Miye niko hai."

Tonton Télesphore alijikuna shingo, akaanza kutafuta kitu ambacho hakijapotea.

"Mugisho iko inje," Maman Françoise aliongeza, akikaza mkoba wake kwapani. "Ndani ya taxi. Anasema hautaki kumuona."

"Ni kweli, maman. Sitaki."

"Miye pia sitaki kumuona sana. Njo maana nilimukalisha mbele na chauffeur." Kwa mara ya kwanza kitu kama tabasamu kilipita kwenye uso wake, kikapotea. "Umupe hasira yako yote. Usimuhurumie ju ni wangu."

Akamuaga Tonton kwa heshima, akatoka. Taxi iliondoka naye. Pale ilipokuwa imesimama, alibaki Mugisho, katika shati lake la kazini, katikati ya wauza maharage na mapipa ya mafuta ya mawese, hajui aweke wapi mikono.

Cibalonza alitoka hadi kizingitini. Walitazamana. Alikuwa amekonda kidogo, au ni yeye aliyetaka kumwona amekonda.

"Nilisema yote," Mugisho alisema.

"Ulisema ju samaki ilikuwa inaenda Goma."

"Ndiyo." Hakujitetea. "Ni vile. Nilingoja mupaka nikakosa njia. Sina haki ya kuomba kitu."

"Hauna."

"Unisamehe, Ciba."

"Nitakusamehe. Lakini bado sijamaliza kukasirika. Usiniharakishe."

"Nitangoja."

"Usingoje ukisimama. Niko na kazi." Alimwonyesha ampli iliyokuwa tayari mezani, sanduku zito la chuma cha kijani, mali ya mama mmoja mwenye restaurant Nyawera. "Ile inaenda leo. Moto zinaitikisa sana, transfo yake ni mupya. Tutaenda na miguu. Beba."

Mugisho aliingia, akaliinua lile sanduku, akaliweka begani, na shati lake likapata alama nyeusi toka kola hadi kiuno.

"Na lampe?" aliuliza.

"Lampe nabeba miye. Sikuamini bado na kioo."

Wakatoka. Cibalonza alitangulia na kisanduku chake kifuani, naye akafuata nyuma, akikwepa mashimo, mikokoteni na pikipiki zilizompigia honi. Watu waligeuka. Karani wa ofisi kubwa amebeba chuma begani nyuma ya msichana mwenye aproni ya atelier, haikuwa picha ya kila siku. Kijasho kilimtoka, lakini hakuomba kupumzika, na Cibalonza hakumwuliza.

Karibu na soko la Nyawera sauti iliwasimamisha.

"Mugisho! Ni weye ule?" Alikuwa Tante Valérie, na mafungu ya mboga za lenga-lenga mkononi, na nyuma yake wanawake wengine wa chama chake cha kanisani. "Yesu Maria, unabeba nini? Batu bako banakuona!"

Cibalonza hakugeuka. Alisimama tu, mgongo wake ukiwaelekea, akakikaza kile kisanduku.

"Ni ampli ya client, tante," alimsikia Mugisho akisema, pumzi zikimkatika lakini sauti ikiwa wazi, mbele ya wanawake wote, wauza mboga na yeyote mwenye masikio. "Huyu mbele ni Cibalonza. Hafanyake ku bureau. Ni fundi. Ile ya papa mulisikia siku ya Mungu, ni yeye aliitengeneza, na mikono yake. Hakuna muzee wa Goma. Nilibadanganya, ju nilikuwa na haya. Sasa haya yangu ni ya ule uongo."

"Ehee!" alisema mmoja wa wale wanawake.

Tante Valérie alifungua mdomo, akaufunga.

"Tupishe njia, tante," Mugisho alisema. "Iko muzito."

Cibalonza alianza kutembea tena. Machozi yalikuwa yanamshuka, na mikono yake, iliyobeba vioo, haikuweza kuyafuta, basi akayaacha. Hasira ilikuwa bado ipo, aliisikia ndani, ngumu na ya haki. Lakini nyuma yake viatu vilikuwa vinaburuzika kwa uchovu, vikijitahidi kumfikia. Akapunguza mwendo.